Glavu ya Baba

Minori aliujua mpira wa Shunpei kwa masikio kabla hajaujua kwa macho, na hilo si ajabu kwa msichana aliyelelewa na milio ya glavu. Baba yake, Iwao, alikuwa mdakaji wa mazoezi wa timu ya besiboli ya Hayabusa. Mtu wa namna hiyo hachezi mechi hata moja, jina lake halitangazwi kwenye kipaza sauti, na kazi yake ni kuchuchumaa tangu asubuhi akidaka mipira ya warushaji wanaopasha mikono. Mpira ukiwa hai, glavu yake hulia pa! mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la uwanja, naye hupaza sauti, "Mpira mzuri!" Mpira ukiwa mchovu hasemi neno. Husimama, akayakunjua magoti yake yaliyochakaa, akautembeza ule mpira mpaka kwa mrushaji na kumwekea mkononi badala ya kumrushia. Kisha humwambia kwa sauti ya chini, "Leo umelala." Hakuna mrushaji wa Hayabusa aliyependa kumwona mzee huyo akija kwa miguu, lakini wote walimwamini, kwa sababu hakuwahi kushindwa kuja.

Jumapili ile ya mechi ya mazoezi, Iwao hakuwa uwanjani. Alikuwa pembeni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Aliyekuwa akidaka alikuwa kijana wa timu. Shunpei akapanda kichuguuni, kile kilima kidogo cha mrushaji katikati ya uwanja, akavuta pumzi, akarusha.

Buf.

Ulikuwa mlio wa gunia la mchele linalotuliwa chini. Minori, aliyekuwa amesimama nyuma ya uzio na vidole vyake kwenye waya, aliutambua.

"Huyu mwenye mia na ishirini na moja mgongoni katokea wapi?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa kando yake na chupa yake ya chai ya moto.

"Namba ya tarakimu tatu huyo, wa majaribio," alijibu mwenzake. "Mwaka wake wa tatu huu. Ukiisha hajapewa namba ya tarakimu mbili, anafungashiwa virago."

"Loo! Basi kwake leo ni leo."

"Asemaye kesho mwongo. Nafasi imebaki moja, na wanaoitaka watatu."

"Mh. Na kwa mpira ule?"

"Wacha maneno, tazama."

Walitazama. Mpigaji wa kwanza aliupiga mpira ukapita katikati ya uwanja kama unafukuza kuku. Wa pili akaupiga ukagonga uzio. Wa tatu, kijana mnene ambaye tangu kambi ianze alikuwa hajapiga kitu cha maana, aliupeleka nje kabisa, kule kwenye miti ya mierezi, akazunguka uwanja akicheka kwa kutoamini. Kocha Kuramoto akatoka taratibu, mkono ameunyoosha, akauchukua mpira, ishara kwamba zamu ya mrushaji imekwisha. Shunpei alivua kofia, akainamia uwanja kama ilivyo adabu, kisha akainua uso na kutafuta kwenye uzio. Alikuwa akimtafuta Minori.

Minori aliangalia viatu vyake.

Hakuangalia chini kwa aibu ya kushindwa kwa mpenzi wake. Mpenzi akishindwa unamtazama hasa, ili ajue upo. Aliangalia chini kwa sababu kati ya watu wote waliokuwa uwanjani mchana ule, ni yeye na baba yake tu waliojua kwamba mpira ule ulikuwa umelala wiki nzima.

* * *

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya hawa wawili yalikohoa mwaka juzi, kwenye uchochoro nyuma ya mgahawa wa Fumie, mama yake Minori. Kila mwaka baridi inapoanza kulegea, Hayabusa hupiga kambi mjini kwao, na wachezaji wa namba za tarakimu tatu huja kula kuku wa mama Fumie kwa sababu wali haupimwi. Shunpei alikuwa mtoto wa wakulima wa matufaha wa Aomori, kaskazini kabisa kwenye theluji. Alikuwa mpole wa maneno, mkorofi wa macho. Siku moja alimkuta Minori akimwaga maji machafu nyuma ya jiko, akamwuliza, akimtaja baba yake kwa heshima, "Mtoto wa Iwao-san anajua kudaka?" Minori akaingia ndani, akatoka na glavu kuukuu ya baba yake. Tangu hapo, kila jioni mgahawa ukiwa bado haujafunguliwa, walirushiana mpira uchochoroni. Shunpei alimrushia taratibu, kama anayempa mtu kikombe cha chai, na Minori alidaka. Hawakusema mengi, maana mpira wenyewe ulikuwa ukizungumza.

Mama Fumie aliona, na hakufurahi.

"Mimi niliolewa na baridi," alimwambia binti yake zaidi ya mara moja. "Baridi ikiisha, maua ya mcheri yakichanua tu, mume keshaondoka na timu. Umezaliwa hayupo, umeota meno hayupo, umeanza shule hayupo. Nawe unataka kurudia mtihani ule ule nilioufeli mimi?"

"Shunpei si baba."

"Kweli. Baba yako alikuwa na mkataba. Huyu ana namba ndefu kama ya simu." Kisha, kwa kuwa mama ni mama, alilegea kidogo. "Haya. Siku akipata namba ya tarakimu mbili mgongoni, aje akae kwenye mkeka wangu, nimsikilize. Kabla ya hapo, ni mteja wa kuku."

Basi namba mbili ikawa ndoa yao. Ndiyo maana, wiki moja kabla ya mechi ile, Minori alipomwona Shunpei akiisukuma sahani bila kuigusa, macho yamemzama, alijua kuna jambo. Baba yake alikuwa ameshamtembelea na mpira mara mbili mfululizo.

Jioni hiyo alimkuta Iwao jikoni, magoti ameyafunga mifuko ya barafu.

"Baba, mpira wake una nini?"

"Umelala."

"Lakini ile mashine inasema kasi ni ile ile."

"Mashine inapima kasi, haipimi uhai. Bega limechoka. Alianza kurusha mapema mno, tangu mwaka mpya, kwa pupa. Akipumzika siku chache, utaamka wenyewe."

"Akipumzika sasa, nafasi watapewa wenzake."

"Asipopumzika ataipoteza mbele ya watu."

"Baba, hali chakula, halali usingizi. Ukienda tena na ule mpira mkononi, utamuua. Anachohitaji ni moyo tu. Si unaweza kuiliza glavu? Nimekuona ukiiliza hata kwa mpira wa mtoto. Unaudaka katikati, unausogelea kidogo, unafunga mkono..."

"Najua ninavyofanya."

"Basi mfanyie. Mpaka Jumapili tu."

Iwao alitikisa kichwa. "Glavu si ya kubembelezea watu, Minori. Yule kijana kila siku ananiuliza, Iwao-san, ukweli? Ananiuliza mimi kwa sababu wengine wote wanampa moyo."

Hapo Minori alitoa silaha ambayo hakujua kama alikuwa nayo.

"Siku niliyomaliza shule ulikuwa wapi?"

Iwao alikaza fundo la mfuko wa barafu gotini.

"Siku tuliyomzika bibi?"

"Minori..."

"Sikulaumu. Ila sijawahi kukuomba kitu, Baba. Tangu nizaliwe. Nakuomba hiki kimoja."

Mzee aliitazama mikono yake, vidole viwili vimepinda kwa mipira ya miaka. Akaifungua mifuko ya barafu.

"Nitafanya," alisema mwishowe. "Lakini siku ya kulieleza jambo hili, utalieleza wewe. Mimi sitakusemea."

Kesho yake glavu ililia pa! na njiwa wakaruka. "Mpira mzuri!" alipaza Iwao, na Minori nyuma ya uzio akatabasamu, na Shunpei, alipoliona tabasamu lile, akarusha mwingine. Jioni alikula sahani mbili. Minori alimpakulia ya tatu, akajiona mwanamke mwerevu kuliko wote mjini.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia pale kichuguuni, Jumapili mchana.

* * *

Shunpei alikuja mgahawani jua likiwa bado halijazama, wateja hawajaanza kuingia. Nywele zake zilikuwa na maji ya kuoga, na nguo za mazoezi amezikunja kwapani kama mtu anayehama. Mama Fumie alikuwa akifuta meza. Iwao alikuwa pembeni na chai iliyopoa, glavu yake pajani, anaipaka mafuta mahali palipokwisha kupakwa. Minori alitoka jikoni na ungo wa kabeji.

Shunpei hakuketi. Alimwinamia Iwao mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Iwao-san, nimekuaibisha. Nisamehe."

"Kaa kwanza."

"Sistahili kukaa. Wiki nzima mpira ulikuwa hai mkononi mwako. Nimeusikia mwenyewe. Bega lilikuwa zito, ndiyo, lakini kila nikiisikia glavu yako nilijiambia, ni woga tu huo, Shunpei, mpira si huo unalia? Leo nimesimama mbele ya watu, umekufa. Basi si mkono wangu ulioharibika, ni moyo. Mwenye mkono mbovu anatibiwa. Mwenye moyo wa kuku utampa dawa gani?"

Kitambaa cha Iwao kilisimama juu ya glavu. Alimwangalia Minori mara moja tu, kisha akarudi kwenye mafuta yake.

"Kocha kasemaje?" aliuliza mama Fumie.

"Kanishusha timu ya pili. Basi linaondoka kesho asubuhi. Lakini siendi, Mama. Naacha."

"Unaacha nini?"

"Besiboli. Nimeshampigia baba simu. Anasema matufaha yanataka kupogolewa theluji ikiwa bado chini, na mgongo wake umechoka." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatalia. Halafu akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya mgahawa, viganja chini, akawatazama wazazi wote wawili. "Nimekuja kumwomba Minori. Najua nilitakiwa kuja na namba mbili. Sina, na hata zile tatu nimeziacha leo uwanjani. Nina miti, nina nyumba ambayo theluji inafika dirishani. Sina la kujisifia. Ila kila jioni nitakuwa nyumbani."

Mama Fumie alisimama na kitambaa chake.

"Kila jioni?"

"Kila jioni, Mama."

"Hata maua yakichanua?"

"Hasa yakichanua. Ndiyo wakati wa kazi kwetu."

Wallahi, mwanamke huyu aliyekuwa amekataa miaka miwili aligeuka akaangalia ukutani, na alipogeuka tena macho yalikuwa mekundu. "Usipige magoti kwenye sakafu, ina mafuta," alisema kwa ukali ambao haukuwa ukali. "Panda huku. Njoo ukae kwenye mkeka, mwanangu."

Mwanangu! Minori alishika ungo kwa mikono miwili ili usimwanguke. Kila kitu alichokiomba kwa miaka miwili kilikuwa kimewekwa mezani kwa pamoja, mume, ruhusa ya mama, nyumba yenye mtu jioni. Hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa anyamaze tu, na kunyamaza ni kazi rahisi kuliko zote. Moyo wake ulimwambia, nyamaza, Minori. Alimpenda mno, na mtu anayependa kiasi kile ana haki ya kunyamaza.

Shunpei alipanda mkekani. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea.

"Nitazoea," alisema. "Nitaukumbuka mpira, lakini nitazoea. Tena sitakuwa maskini wa kumbukumbu. Ile wiki moja hakuna atakayeninyang'anya. Nitawasimulia watoto wetu. Nitawaambia, baba yenu alikuwa mwoga, haya, lakini wiki moja aliiliza glavu mpaka njiwa wakaruka."

"Usiwaambie," alisema Minori.

Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Nini?"

"Usiwaambie watoto hivyo. Si kweli."

"Minori," alisema mama yake polepole, kama anayemwita mtu aliyesogea karibu mno na barabara.

Minori aliweka ungo mezani. "Mpira wako haukuwa hai. Ulikuwa umelala tangu siku ile baba alipokuja kwa miguu mara ya pili. Haukuamka hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwomba ailize glavu. Hakutaka. Nilimlazimisha kwa mambo ya zamani mpaka akakubali."

 Shunpei alimgeukia mzee.

"Iwao-san?"

Iwao aliiweka glavu chini. Akapiga magoti, mzee yule mwenye magoti yasiyokunjika bila maumivu, akainamisha paji la uso mpaka kwenye mkeka mbele ya kijana wa namba tatu.

"Ni bega," alisema kwa sauti iliyotoka sakafuni. "Si moyo. Moyo wako hauna kasoro. Ulitakiwa upumzike, ukamwambie Kocha, ukarudi baada ya siku chache ukiwa na mpira wako. Nililijua hilo, na nilipiga kelele mpira mzuri."

"Inuka, tafadhali. Inuka, Iwao-san, siwezi kukuona hivyo." Shunpei alimwinua kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akamwangalia Minori, na Minori akatamani kijana apige kelele, avunje sahani. Hakufanya. "Ulikuwa uzioni. Kila siku. Ulikuwa ukitabasamu."

"Nilitaka ulale usingizi. Nilitaka ule."

"Nilikula. Nilikula sahani mbili, ukaniongeza." Alitingisha kichwa. "Unajua kwa nini nilikuwa namuuliza yeye? Mama yangu husema narusha vizuri. Wenzangu husema. Wewe husema. Alikuwa mtu mmoja tu duniani ambaye hanihurumii. Mmoja, Minori. Nawe ukamchukua."

"Nilikupenda, Shunpei. Nakupenda."

"Najua. Lakini hukuniamini. Uliniona siwezi kubeba maneno mawili. Leo umelala. Mwanamume wa miaka ishirini na mmoja, ukaniona siwezi kubeba hayo."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa! Lakini nilikuwa naenda kila asubuhi kuusikia ukweli huku naogopa." Sauti ilimpanda kisha ikashuka. "Na sasa kwa nini umeniambia? Ungenyamaza. Hakuna ambaye angejua. Mama yako ameshaniita mwanangu. Kesho tungekuwa kwenye treni."

Minori alijifuta uso kwa kiganja chenye harufu ya kabeji.

"Kwa sababu ungeishi maisha yako yote ukidhani wewe ni mwoga. Ungeamka kando yangu kila siku ukiamini hivyo. Nisingeweza kukutazama."

Shunpei aliinua uso. Jibu lile lilimgusa. Minori aliliona likimgusa, likimfika hasa, na kwa kitambo kidogo alidhani limemrudisha. Kisha kijana akainuka, akamwinamia mama Fumie, akamwinamia Iwao, akachukua nguo zake.

"Muda wa majaribio hauishi mpaka katikati ya majira ya joto," alisema, kama anajisemea mwenyewe. "Basi ni bega."

"Ni bega," alisema Iwao.

"Nitakwenda timu ya pili."

Mlango wa kuteleza ulifungwa taratibu, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomwumiza Minori kuliko yote.

Mama Fumie aliketi pale mkekani, mahali palipokuwa bado na joto la yule kijana. "Mtoto wewe," alisema. "Ulimi ungekuuma nini ukiufunga? Mimi nimenyamazia mangapi katika ndoa hii?" Kisha akamvuta kichwa binti yake, akakilaza pajani kama alipokuwa mdogo, na wakalia wote wawili. Iwao alitoka nje akageuza kibao cha mgahawa upande wa "Leo tumefunga."

* * *

Asubuhi mama Fumie alimwamsha Minori kwa kumwekea boksi la chakula kifuani. Kuku wa kukaanga na siki, mchuzi mzito wa mayai juu yake, wali na figili. "Mpelekee," alisema. "Simlishi kwa sababu yako. Mtu hasafiri na njaa."

Basi la timu lilikuwa limeshawashwa kando ya uwanja. Lakini Shunpei alikuwa bado kichuguuni, peke yake na Iwao. Minori alisimama kwenye lango la uzio na kusikia wakizungumza.

"Michache tu, Iwao-san. Bila huruma."

"Bila huruma," alisema mzee, akachuchumaa.

Shunpei alirusha. Buf. Akarusha tena. Buf. Glavu haikulia, na njiwa hawakuinua hata vichwa. Baada ya wa tatu Iwao alisimama, akayakunjua magoti moja baada ya jingine, akatembea na mpira mpaka kichuguuni, akauweka kwenye kiganja cha kijana.

"Leo umelala."

Shunpei alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa.

"Ahsante, Iwao-san."

"Usirushe mpaka maua ya mcheri yamalize kuanguka. Hata jiwe mtoni usirushe. Kisha nitafute, popote timu ilipo. Nitakudakia."

"Nitakutafuta."

Akageuka kwenda kwenye basi, na hapo akamwona Minori langoni. Walikuwa mbali kidogo, kama ule urefu wa uchochoro wao. Mpira ulikuwa bado mkononi mwake.

Minori aliweka boksi la chakula chini. Hakujua aseme nini, na kila neno alilokuwa nalo lilikuwa limeshaharibika. Basi alifanya kitu pekee walichokuwa wakielewana bila kukosea. Aliinua mikono yake miwili mbele ya kifua, viganja wazi, kama kila jioni. Rusha. Nitadaka. Hata ukiurusha kwa hasira nitadaka.

Shunpei aliinua mkono. Minori aliuona mkono ukipanda, ukafika begani, na moyo wake ukapanda nao. Ukasimama pale. Kisha ukashuka.

Akaja kwa miguu.

Kila alipopiga hatua Minori alitikisa kichwa, hapana, hapana, usije, rusha hata ukiwa hapo. Aliendelea kuja. Alipofika alimshika mkono, akamwekea mpira kwenye kiganja, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, taratibu, kwa upendo, maana upendo ulikuwepo, jamani, haukuwa umekwenda popote. Hakusema yale maneno. Hakukuwa na haja.

"Nimshukuru mama kwa niaba yako?" aliuliza Minori, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu.

"Mwambie nitakula chote."

Akaokota boksi, akaingia garini. Alikaa upande wa pili, mahali ambapo Minori hakuweza kumwona. Basi likateremka barabara ya mierezi, likapinda kwenye daraja, likapotea.

Iwao alikuja akasimama kando ya binti yake. Mpira ulikuwa bado na joto la mkono wa yule kijana.

"Baba," alisema Minori. "Mpira ukilala, huwa unaamka?"

Mzee aliutazama mpira. Minori alimwangalia usoni, akaona kabisa kwamba angeweza kumlizia ile glavu, mara moja tu, kwa ajili yake, na akaona alivyotamani kufanya hivyo. Aliona pia midomo yake ikilikataa neno.

"Mwingine huamka," alisema Iwao. "Mwingine hauamki."

Minori alimwinamia baba yake kama mrushaji anavyomwinamia mdakaji wake, akauficha mpira ndani ya koti, akaenda kumsaidia mama yake kufungua mgahawa.